Asali ya Bi Alawiya

Bwana Mohdhar alikuwa fundi wa milango, mtaa wa Mkomani, Lamu, miaka michache kabla ya Vita Kuu ya Kwanza. Alichonga akiwa amekaa sakafuni. Ubao aliushika kwa miguu, patasi na nyundo kwa mikono.

Mwaka ule alianza kukonda. Alikunywa maji mengi na kiu ikabaki. Kila mara alikwenda chooni, na sisimizi wakajaa huko. Mkewe, Bi Alawiya, aliona ni udhaifu tu, na mgonjwa hutiwa nguvu. Basi kila asubuhi alimpikia uji wa asali, akamwekea na tende. Alimpenda mumewe, wala hakumpimia.

Asubuhi moja alimpelekea uji, akakuta damu ubaoni. Patasi ilikuwa imemkata mumewe kidole cha mguu, naye anaendelea kuchonga.

"Mume wangu, huoni damu hiyo?"

Mohdhar akainama kutazama. "Sikusikia kitu," akasema.

Kidonda kikakataa kupona. Kikanuka, na Alawiya akazidisha asali. Mwishowe akamwita Bwana Abdulghafur, tabibu wa zahanati. Tabibu aliomba mkojo kidogo wa mgonjwa, akauchanganya na dawa ya buluu, akaupasha moto. Ile buluu ikageuka nyekundu kama tofali.

"Ni kisukari," akasema. "Sukari imezidi katika damu, hata inatoka na mkojo. Ndiyo wanayoifuata sisimizi. Huharibu mishipa ya fahamu, mguu ukafa ganzi, na kidonda hakiponi."

"Na dawa yake?"

"Bado. Nyuma ya tumbo kuna kiungo kiitwacho kongosho. Mabingwa wa Ulaya walimtoa mbwa kongosho, akapata kisukari. Wakajua kiungo hicho hutoa kitu kinachouwezesha mwili kutumia sukari. Wanakitafuta, hawajakipata."

Alawiya alilitazama bakuli. "Na asali yangu?"

"Ilimzidishia. Hukujua, Bi Alawiya."

Alawiya akajifuta macho. "Haya, nionyesha ndia ya kumtunza."

"Asali, tende na halwa aache kabisa. Wali na mkate, kidogo sana. Ale samaki na mboga. Kidonda kioshwe kila siku kwa maji yaliyochemshwa. Asiende miguu mitupu, na nyayo zake uzikague kila jioni, maana yeye hatasikia akiumia."

Kidole kile hakikuokoka, tabibu alikikata. Dada wa Mohdhar, Bi Mwana, akaja na sahani ya halwa. Alawiya akamzuia mlangoni.

"Wamnyima ndugu yangu, na ndaa hiyo inayomuuma?" Bi Mwana akasema. "Watu watanena umemchoka."

"Na wanene, wifi. Mimi namtaka hai."

Haikuwa kazi rahisi. Mohdhar alinuna, akabembeleza kama mtoto apewe tende moja tu. Alawiya alijificha jikoni akalia, kisha akarudi na samaki wa kuchoma. Pole pole kiu ikapungua, kidonda kikakauka. Mohdhar akarudi kazini na makubadhi miguuni, ubao ameubana kwa kabari. Mafundi wenzake walimcheka, asiwajali. Ugonjwa ulikuwa ungalimo mwilini, lakini mguu wake alikuwa nao.

Siku moja Bi Mwana alikuja, akakaa karibu na Alawiya.

"Wifi," akasema, "hata mimi siku hizi kiu hainiishi. Na sisimizi nimewaona chooni kwangu."

Alawiya hakumkumbusha lolote. Alivaa buibui lake, akamshika mkono, wakashika njia ya zahanati.