Kuanguka kwa Huruma

Kila jioni, baada ya kuosha vyombo, Kijiko na mama yake walikwenda kufagia ukumbi uliokuwa nyuma ya karakana ya seremala. Kijiko alikuwa msichana wa darasa la sita, mwembamba mwenye kichwa kikubwa, ndiyo maana jina hilo lilimganda kama ulimbo. Wakimaliza kufagia, walitandika magodoro magumu sakafuni, wakavua viatu na kusubiri wanafunzi wengine.

Magodoro hayo ndiyo yaliyomleta Mama pale. Yeye alikuwa mshonaji wa maturubai, na Mwalimu wa ukumbi ule alimwita ashone vifuniko vilivyochanika. Wakati huo baba yake Kijiko alikuwa amezikwa karibuni, na Mama alikuwa haongei. Ukimuuliza chumvi iko wapi, anakuonyesha kwa kidevu. Alishona akiwa amepiga magoti pembeni, huku watu wazima wenye mvi na vitambi wakishikana mikono, wakibwagana, kisha wakiinuka na kuinamiana kwa heshima. Alipomaliza hakuondoka.

"Uzi umekwisha, mama?" Mwalimu alimuuliza.

"Uzi upo. Nguvu ya kurudi nyumbani ndiyo sina."

"Basi vua viatu."

Mwalimu alikuwa fundi bomba mstaafu. Mwenyewe alianza aikido ukubwani. "Wenzangu walianza kulalamika kiuno," alizoea kusema, "nikaona na mimi nilalamike, ila nikiwa naanguka." Aikido ni sanaa ya kujihami iliyotoka Japani. Mtu akikushika, hupambani naye. Unageuka pamoja naye mpaka nguvu zake mwenyewe zimwangushe.

Kijiko ndiye aliyekuwa mwenzi wa Mama mazoezini. Siku ya kwanza alimshika Mama mkono, Mama akageuka, na Kijiko hakuhisi kitu hata kidogo. Hata hivyo alijitupa chini, puu! Mama akacheka. Ilikuwa mara ya kwanza kucheka tangu msiba.

Basi tangu hapo Kijiko akawa anaanguka. Alianguka hata kabla hajaguswa vizuri. Wanafunzi wengine walipoona hivyo, nao wakaanza kumwangukia Mama. Ikawa adabu ya ukumbi, kama kumpisha mgeni kiti.

Miezi mingi baadaye Mwalimu akaanza kukohoa, akakonda, suruali ikawa inamtafuta mwenyewe. Akatangaza kwamba Mama, ambaye hakuwahi kukosa jioni hata moja, ndiye atakayefundisha baada yake. Seremala, mwenye ukumbi, hakuficha lake: "Pasipokuwa na mwalimu humu, napanga mbao zangu."

Wiki hiyo hiyo akaja mwanafunzi mpya, mchukuzi wa mizigo sokoni, mabega kama milango. Hakuna aliyekuwa amemfundisha ile adabu ya ukumbi. Alimshika Mama mkono. Mama akageuka. Mchukuzi alibaki amesimama. Mama akajaribu tena, jasho likamtoka. Mchukuzi yule yule, pale pale.

"Mama, mimi sijakataa kuanguka," alisema kwa aibu. "Nasubiri uniangushe."

Mtu mmoja alicheka, kisha akakimeza kicheko. Mama aliinama kwa heshima, akavaa viatu, akatoka.

Nyumbani alikaa kitandani, uso ameuelekeza ukutani. "Nimejidanganya," alisema. "Mshona maturubai, kujifanya mwalimu! Mwambie seremala alete mbao zake."

Siku zilizofuata hakwenda ukumbini. Kile kidevu kikarudi kazini: chumvi kidevu, maji kidevu. Kijiko alihisi nyumba imefiwa mara ya pili. Alikuwa na njia moja tu, nayo ilimtisha.

"Mama," alisema akiwa mlangoni, "hukujidanganya. Mimi ndiye niliyekudanganya. Nilikuwa najiangusha mwenyewe."

Mama aligeuka polepole. "Tangu lini?"

"Tangu siku ile uliyocheka."

Mama hakufoka, na hilo lilimuumiza Kijiko kuliko fimbo. "Kwa hiyo hata kicheko changu hakikuwa halali," Mama alisema. Akainuka. "Haya, nishike mkono."

"Sasa hivi?"

"Sasa hivi. Na ukijiangusha, utalala nje na paka."

Kijiko alimshika, katikati ya kitanda na kabati. Mama alivuta. Kijiko alisimama. Mama alivuta tena. Kijiko alisimama huku machozi yakimtoka.

"Unanivuta kwa mkono, Mama. Lile turubai zito mezani unalivutaje?"

"Silivuti. Nageuka nalo mwili mzima..."

Mama alipanga miguu yake upya. Kisha akageuka mwili mzima. Kijiko alijikuta sakafuni, bega limegonga mguu wa kitanda.

"Hiyo?" Mama aliuliza.

"Uwii! Hiyo ni ya kweli, Mama!"

Walirudi ukumbini. Haikuwa rahisi, kwa wiki kadhaa mchukuzi alisimama tu, akiomba radhi kwa kusimama. Jioni moja akajikuta chali, macho darini. "Nani amehamisha sakafu?" akauliza.

Lakini Mwalimu hakuwapo kuona. Alikuwa hawezi tena kutoka kitandani. Mama na Kijiko walimfuata nyumbani kwake kumpa habari.

"Mwalimu," Kijiko alisema, "mimi nilikuwa namdanganya Mama. Nilikuwa najiangusha."

"Najua. Naumwa mapafu, si macho."

Mama alishtuka. "Ulijua, ukanyamaza?"

"Nilijiambia, huyu dunia imemwangusha vya kutosha, acha na yeye aangushe wengine." Alikohoa kwa muda mrefu. "Nilikosea. Nisamehe. Na wewe, mjukuu wangu, sikiliza. Ukimdanganya mtu kwa sababu unampenda, unamwachia mgeni kazi ya kumwambia ukweli, na mgeni hana huruma yako. Mwambie wewe, kisha usiondoke. Baki naye mpaka ajue."

Mwalimu hakurudi ukumbini. Walimzika mvua ikinyesha, na mchukuzi alilibeba jeneza kwa mabega yale yale.

Jioni ya kwanza Mama alipofungua darasa bila Mwalimu, seremala alichungulia mlangoni, akatazama, akaenda kupanga mbao zake kwingine. Mwanamke mmoja muuza mkaa alikuwa amekuja kwa mara ya kwanza. Mama alimnyooshea mkono.

"Nishike kwa nguvu, dada," alisema. "Na usianguke mpaka nikuangushe."