Nguzo ya Tano

Maeng Sunju alipoingia soko la samaki la Mokpo Jumamosi ile, watu walikuwa wanampisha njia na yeye hajui kwa nini. Zilibaki siku tatu kufika mwaka mpya wa mwezi mwandamo, na soko lilikuwa limejaa pomoni: akina mama wenye aproni za mpira wanaita wateja, pweza wanajinyonganyonga kwenye mabeseni, mvuke wa supu unapanda kwenye kila kibanda. Sunju alikuwa amevaa koti refu la samawati, skafu nyeupe aliyofumiwa na mama yake, na buti zenye tope mpaka vifundoni. Akasimama kwenye meza ya mwani mkavu.

"Dada," muuzaji alisema, macho yakiwa juu ya kichwa chake, "hiyo helmeti ni ya kujikinga na bei zetu?"

Sunju akapeleka mkono kichwani. Helmeti ya kazini, ya rangi ya chungwa! Alikuwa ametoka nayo kwenye eneo la ujenzi, akapanda nayo feri, akakatiza nayo mji mzima.

"Ni ya kujikinga na maneno yenu," akajibu, na akaamua kutoivua.

Muuzaji yule kijana akacheka. Alikuwa mrefu, ana sweta la kijivu lililochakaa viwiko, na vidole vyekundu kwa baridi. Akachukua karatasi ya mwani, akaipitisha juu ya jiko la mkaa hadi ikageuka kijani na kunukia, akampa. Sunju akaila yote pale pale.

"Wa wapi huu?"

"Wa Jangpo. Nimeulima mwenyewe. Naitwa Tak Inho."

"Jangpo! Mimi ni wa Maeha."

"Basi wewe ni jirani yangu na sijawahi kukuona! Nani alikuficha?"

"Bahari," Sunju alisema.

Kati ya kisiwa cha Maeha na kile cha Jangpo kuna kilomita moja na nusu tu ya maji. Siku ya jua unaona nguo za watu wa ng'ambo zikiwa kambani. Lakini mkondo wa pale ni mkali, feri ilikuwa inavuka mara mbili kwa siku, na bahari ikichafuka haivuki kabisa.

Sunju aliondoka na mafungu kumi ya mwani, na Inho alibaki na namba yake ya simu. "Ili nijue umeisha lini," alimwambia. Kesho yake asubuhi akapiga.

"Umeisha?"

"Mafungu kumi kwa siku moja? Mimi ng'ombe?"

"Basi nitapiga kesho."

Akapiga kesho, na keshokutwa. Kufikia mwezi wa tatu, Sunju alikuwa hawezi kula chakula cha mchana kabla simu haijalia. Jumapili walikutana Mokpo, wakatembea kando ya gati wakila viazi vitamu vya kuchoma, Sunju akiwa amevaa gauni la maua ambalo wenzake wa kazini wasingeamini kuwa analo.

Inho alijua kuwa Sunju ni mhandisi wa vipimo kwenye daraja linalojengwa kuunganisha visiwa vyao. Siku alipoambiwa, aliuliza, "Kwa nini daraja, mpenzi? Ungeweza kujenga maghorofa Seoul."

"Baba alifariki nikiwa chuoni," Sunju alisema. "Nilifika Jangpo, ukungu ukaifunga bahari. Siku mbili nimekaa gatini kwenu. Wamemzika nikiwa ng'ambo. Nilisikia ngoma ya msiba, Inho. Niliisikia kabisa. Sikuona kitu." Akajifuta pua kwa skafu. "Nikasema hili halitampata mtu mwingine."

Inho alimshika mkono na hakuuachia mpaka kwenye feri.

Ni siku hiyo hiyo ambapo Sunju, kwa kuwa moyo ulikuwa umefunguka, alimwambia jambo la kazini. Nguzo ya tano ilikuwa inamnyima usingizi. Michoro ilisema mkondo pale ni mita mbili kwa sekunde, lakini yeye alihisi ni zaidi. Bwana Ryu, mhandisi mkuu, alikuwa amemwambia afunge mdomo mpaka wapime tena. "Usimwambie mtu," alimsihi Inho. Inho akafungua kinywa, akakifunga, akaitikia kwa kichwa.

Mwezi wa tano kukawa na mkutano wa hadhara kwenye ukumbi wa Jangpo. Sunju alikaa meza ya mbele na wakubwa zake, suti nyeusi, nywele zimebanwa. Bwana Ryu alipomaliza kusifu daraja, mtu mmoja akasimama nyuma akiwa na koti la kuazima lililombana mabegani.

"Naitwa Tak Inho, katibu wa chama cha wakulima wa mwani. Nguzo yenu ya tano inasimama ukingoni mwa mashamba yetu. Mmeandika mkondo wa pale ni mita mbili. Si kweli. Wakati wa bamvua, maji yanapojaa na kupwa kupita kawaida, unafika mita tatu. Mkiiweka pale, mchanga utachimbika chini ya nguzo, na sisi mashamba yatakwenda na maji."

Ukumbi ukanguruma. Bwana Ryu hakumtazama Inho. Alimgeukia Sunju, taratibu, na Sunju akahisi masikio yanawaka moto.

Alimkuta Inho nje, kwenye ngazi.

"Katibu! Miezi minne hujaniambia wewe ni katibu!"

"Sunju, nilitaka..."

"Nilikupa siri yangu, ukaivalia koti ukaja kuihutubia!"

"Siri yako? Namba ile ni yangu! Nisikilize dakika moja tu."

"Nimekusikiliza tangu soko la Mokpo. Inatosha."

Juma lililofuata alihamishiwa ofisini mjini, kazi yake kupanga mafaili. Simu ya Inho ililia kila mchana. Sunju aliigeuza kifudifudi na kuendelea kula wali ambao haukuwa na ladha yoyote.

Mwezi ukapita. Mchana mmoja simu ikalia, akaona ni mama yake.

"Kijana wa Jangpo amekuja hapa," mama alisema bila salamu. "Mrefu, ana adabu. Ameleta boksi."

"Mrudishie, Mama."

"Nirudishe na nini, niogelee? Nimelifungua. Ni madaftari. Mimi macho hayaoni, njoo usome mwenyewe. Na umekonda, nakusikia kwenye simu."

"Mtu hasikiki amekonda, Mama."

"Wewe unasikika. Njoo."

Sunju alikwenda. Madaftari yalikuwa kumi na moja, moja kwa kila mwaka, mengine yamevimba kwa maji ya chumvi. Kila ukurasa ulikuwa na tarehe, hali ya maji, upepo, na kipimo: boya limetupwa, limepita kutoka mti wa kwanza uliochomekwa majini hadi wa pili, mita thelathini, kwa sekunde kadhaa. Sekunde kumi na tisa. Kumi na nne. Wakati wa bamvua, kumi kamili, mwaka baada ya mwaka. Mita tatu kwa sekunde. Daftari la kwanza liliandikwa Sunju akiwa bado mwanafunzi.

Alisoma amekaa sakafuni mpaka miguu ikafa ganzi. Mama alimwekea bakuli la supu ya chaza, akarudi, akalikuta limepoa.

"Ni mbaya?" mama aliuliza.

"Ni nzuri sana, Mama," Sunju alisema. "Mimi ndiye mbaya."

Asubuhi aliyabwaga madaftari yote kwenye meza ya Bwana Ryu.

"Nguzo isogezwe mita arobaini na tano kusini, kwenye mwamba."

"Mkulima wa mwani ndiye atufundishe kazi?"

"Ndiyo. Amepima miaka kumi na moja. Sisi tumepima wiki tatu. Ukiona nimekosea, nifukuze. Lakini tupime kwanza, bamvua ijayo, na mimi niwe kwenye boti."

Walipima. Chombo kikasoma mita tatu na nukta moja. Bwana Ryu akatoa kalamu, akaikata nguzo ya tano kwenye mchoro na kuichora upya juu ya mwamba kwa mkono wake mwenyewe.

Siku ile ile Sunju alivuka hadi Jangpo, na buti zake na helmeti. Inho alikuwa kwenye boti gatini, suruali ya mpira hadi kifuani, anaosha nyavu za kulimia mwani.

"Nimekuja kuomba radhi," Sunju alisema, watu wote wakisikia. "Nilikudhani mwizi, kumbe ulikuwa mwalimu."

Inho akaacha nyavu. "Nami nilikosa. Ningesema siku ya kwanza. Niliogopa utadhani nakupenda kwa ajili ya nguzo."

"Na unanipenda kwa ajili ya nini?"

"Unakula mwani kama mbuzi."

Mzee mmoja kwenye boti ya pili akapasuka kwa kicheko. Sunju alicheka na kulia kwa pamoja.

Daraja lilichukua miaka mitatu zaidi. Kipande cha mwisho kilipandishwa alfajiri, kabla jua halijakitanua chuma, na Sunju ndiye aliyekaa kwenye kipimo. Pengo lilikuwa limepungua milimita nne, kipande hakiingii. Watu mia moja walimtazama. "Tusubiri," alisema. Upepo wa baharini ukakipoza chuma, pengo likapanuka milimita moja, mbili, nne. "Sasa!" Boliti zikaingia kama kidole kwenye pete. Wanaume wenye ndevu walikumbatiana wakilia, na Bwana Ryu akamvulia Sunju helmeti na kuinama mbele ya wafanyakazi wote.

Siku ya kufunguliwa, mama yake Sunju, mwenye miaka sabini na nne, alivaa vazi lake la hariri ya zambarau na sketi ya waridi iliyojaa upepo. Hakungoja hotuba. Alimshika binti yake mkono, wakatembea kilomita moja na nusu juu ya ile bahari, chini ya nyaya nyeupe, mama akigonga kila nguzo kwa ngumi na kuuliza, "Hii na wewe ulikuwepo?" na Sunju akijibu, "Nilikuwepo, Mama."

Hawakusimama mpaka mlangoni kwa akina Tak. Mama yake Inho akatoka na mikono ya unga.

"Karibu, dada! Umekuja na feri ya saa ngapi?"

"Nimekuja na miguu," Mama alisema, akajinyoosha mpaka akawa mrefu. "Nina binti, wewe una kijana. Nimekuja kuposa."

Inho alitokeza nyuma ya mama yake, mwekundu kama kimchi ya kabichi na pilipili. "Mama, lakini mimi ndiye ningekuja kwenu!"

"Umechelewa. Njia wazi tangu asubuhi."

"Na mhandisi mwenyewe anasemaje?" mama yake Inho aliuliza.

Sunju alitazama mstari wa watu wa Maeha wakishuka darajani, vibibi, watoto, mtu na baiskeli yake, wote wakiingia Jangpo kama wanaoingia chumba cha pili cha nyumba yao.

"Anasema tarehe mtapanga nyinyi," akajibu, "ila bwana harusi anahamia kwetu, na kazini huku atakuja kwa baiskeli."

"Nakubali," Inho alisema, kisha akageuka kumuuliza mama yake kama anajua mahali pa kununua baiskeli.