Dawa ya Susu na Begi la Magurudumu

Kila asubuhi Mwelu aliamka kabla ya majirani wote katika ploti yao pale Ruiru. Alichota maji bombani, akafagia mbele ya mlango, kisha akamwashia mama yake jiko apike uji. Mama yake, Idah, aliuza mitumba katika soko la Githurai 45, na asipofika mapema wateja wazuri walikwenda kwa wengine. Mwelu alikuwa katika Gredi ya Saba, na kwa kazi za nyumba hakuna aliyemlaumu. Lakini nguo! Hapo ndipo alipokuwa na udhaifu wake. Kila belo la mitumba lilipofunguliwa sokoni, gauni moja au mawili yaliishia nyumbani kwao, na Mwelu aliyapenda yote kana kwamba ameyazaa.

Shule zilikuwa zimefungwa mwezi wa Agosti. Kama kawaida, Mwelu angekwenda Ngoliba kukaa na mama ya mama yake, ambaye alimwita Susu, jinsi Wakamba wanavyomwita bibi. Safari hii alikuwa amekabidhiwa jambo kubwa. Susu alikuwa na ugonjwa wa kisukari, na kila siku, asubuhi na jioni, alijidunga sindano ya insulini. Idah alikuwa amemchukulia dawa mpya Thika, chupa mbili ndogo zenye maji meupe.

Asubuhi ya safari, Idah alizifunga chupa hizo katika mfuko wa plastiki na kuzitia ndani ya themosi yenye maji baridi.

"Mwelu, nisikilize vizuri," alisema. "Hii utaibeba mkononi. Dawa hii ikipata joto inakufa. Ukiiangalia utaiona vilevile, lakini haifanyi kazi tena. Susu akijidunga dawa iliyokufa, sukari inapanda tu, na anaweza kuzimia asiamke. Umeelewa?"

"Nimeelewa, Mama."

"Aliyo nayo inaisha leo jioni. Anko Mbaluka atakungoja Thika."

Mama alipoondoka, akaingia Ngendo, rafiki yake wa mlango wa pili. Alimkuta Mwelu amekalia begi kubwa jeusi la magurudumu, akijaribu kufunga zipu.

"Haiya! Kwani unahama?" Ngendo aliuliza.

"Ni wiki tatu. Unataka nirudie nguo kanisani? Krismasi nilirudia, na picha zote niko na gauni moja."

"Hiyo nayo ni aibu," Ngendo alikubali, na badala ya kumshauri vizuri akaja kukalia begi upande wa pili.

Zipu ilifunga. Mfuko wa shule nao ulijaa viatu vyekundu, mto mdogo na mafuta ya nywele. Kisha kulikuwa na mkoba wa mkate, sukari na majani ya chai, kwa maana mtu haendi kwa Susu mikono mitupu. Mkono mmoja ulivuta begi, wa pili ulibeba mkoba. Themosi ikabaki mezani.

Mwelu aliiangalia kwa muda. Angeweza kutoa viatu vyekundu. Badala yake, alizitoa zile chupa mbili majini, akazivika soksi na kuzitia katika mfuko wa nje wa begi kubwa. Themosi akaisukuma chini ya kitanda.

"Ni saa chache tu," alimwambia Ngendo, ingawa Ngendo hakuwa ameuliza kitu.

Pale Thika, mjomba wake Mbaluka alikuwa amemaliza kuuza papai zake sokoni na sasa alisimama kando ya pikipiki yake. Alipoona begi lile likija linagongagonga mawe, alicheka hadi akashika kiuno.

"Mwelu! Umetuletea friji?"

"Ni nguo tu, Anko."

Alijaribu kulifunga begi nyuma ya pikipiki kwa kamba za mpira. Likikaa begi, Mwelu hakai. Akikaa Mwelu, begi halikai. Mwishowe Mbaluka alimpigia mluzi rafiki yake Kitonga, aliyekuwa akipakia magunia ya chakula cha ng'ombe katika pikapu yake.

"Kitonga ataleta hii jioni," alisema, akalirusha begi juu ya magunia, palipokuwa na jua kali. Kisha akamgeukia Mwelu, na uso wake haukuwa na mzaha tena. "Na dawa ya mama? Hiyo haiendi na pikapu."

Begi lilikuwa pale pale, angenyoosha mkono tu. Lakini akizitoa chupa ndani ya soksi, mjomba atauliza themosi iko wapi, na mama ataambiwa.

"Iko hapa, Anko," alisema, akaupigapiga mfuko wa shule. Ndani yake mlikuwa na viatu.

Susu aliishi katika nyumba ya vyumba viwili, katikati ya mashamba ya mbaazi na mipapai. Ngoliba ni mahali pa joto, na nyumba nyingi za huko hazina friji. Susu alikuwa na chombo chake mwenyewe: chungu kidogo cha udongo kilichokaa ndani ya chungu kikubwa, na katikati mchanga alioumwagilia maji asubuhi na jioni. Ndani ya chungu kile kidogo kulikuwa na ubaridi siku nzima, na hapo ndipo alipoweka dawa.

"Lete hao wageni wangu niwaweke kwa nyumba yao," Susu alisema mara tu walipomaliza kusalimiana. Alikuwa mwanamke mrefu, mwembamba, mwenye masihara.

Mbaluka alikuwa amekwenda kuegesha pikipiki. Mwelu alitazama chini.

"Ziko kwa begi kubwa, Susu. Inakuja na pikapu."

"Kwa jua hili?"

"Ziko ndani ya themosi."

Basi, uongo wa pili. Huo ulitoka kwa urahisi kuliko wa kwanza, na hilo lilimtisha.

"Sawa, mwana wakwa. Tungoje," Susu alisema, akimwita mwanangu kwa Kikamba.

Walingoja. Jioni Susu alijidunga dawa yake ya mwisho, na pikapu haikuja. Kitonga alipiga simu kusema gurudumu limepasuka na atalala njiani. Mwelu hakula vizuri. Kila alipofunga macho aliona lile begi jeusi juu ya magunia.

Kesho yake asubuhi Susu hakuwa na cha kujidunga. Alikunywa maji, akanywa tena. Kufikia mchana aliacha masihara. Aliketi kwenye benchi mlangoni, midomo imekauka, akisema miguu yake imekuwa mizito. Anti Beth, mke wa Mbaluka, alikwenda kuuliza zahanati ya karibu, akaambiwa insulini imekwisha. Nesi alisema mgonjwa aendelee kunywa maji, na akianza kutapika apelekwe hospitali mara moja.

Mwelu aliyasikia hayo yote akiwa anaosha vyombo. Alitamani kusema. Badala yake akasugua sufuria ile ile tena.

Pikapu ilifika baada ya chakula cha mchana. Begi lilikuwa na joto la kuunguza kiganja. Mwelu alilivuta hadi nyuma ya nyumba, akafungua mfuko wa nje na kuzitoa chupa ndani ya soksi. Zilikuwa moto kama kikombe cha chai. Alizishika juu, akazitazama kwenye mwanga. Dawa ilikuwa nyeupe, safi, haikubadilika hata kidogo.

Hakuna mtu ambaye angejua.

Aliingia ndani haraka na kuzitumbukiza katika kile chungu. Susu akamsikia.

"Zimefika? Mungu asifiwe. Niletee moja, na bomba langu la sindano liko pale juu."

"Ngoja zipoe, Su..." Mwelu alianza.

"Zipoe? Si zilikuwa kwa themosi?"

Susu alikuwa mchovu mno kuendelea kuuliza. Aliinuka mwenyewe, akishika ukuta, akachukua chupa moja. Alivuta dawa, akainua bomba machoni, akalipiga kwa ukucha kutoa hewa. Kisha akainua pindo la blauzi yake, akashika ngozi ya tumbo kwa vidole viwili.

"Susu, usijidunge!" Mwelu alipiga kelele. "Imekufa! Susu, hiyo dawa imekufa!"

Sindano ilisimama hewani.

Yakatoka yote, na machozi pamoja nayo: viatu vyekundu, themosi iliyo chini ya kitanda, soksi, uongo wa Thika na uongo wa hapa nyumbani. Susu alisikiliza mpaka mwisho. Hakumgombeza. Aliliweka bomba juu ya meza taratibu sana, akaketi. Hilo lilimuuma Mwelu kuliko kofi lolote.

"Mwite mjomba wako," Susu alisema.

Mbaluka hakuwa mpole hivyo. "Uliniangalia kwa macho, Mwelu! Nikakuuliza, ukapiga mfuko, ukasema iko hapa!" Alizunguka chumba mara mbili, kisha akatoa simu na kumpigia dada yake. Idah hakupoteza muda kwa maneno. Alisema anafunga kibanda sasa hivi, atanunua dawa Thika na kuwangoja hapo hapo.

"Ingia kwa pikipiki," Mbaluka alimwambia Mwelu. "Utaibeba mwenyewe. Na tutabebea nini? Themosi yenyewe imelala Ruiru."

Susu alinyoosha mkono, akachukua themosi yake ya chai, akamwaga chai yote uani, akaisuuza. "Hii hapa," alisema.

Safari ile Mwelu hakubeba kitu kingine chochote. Alivaa ndala na gauni la kuoshea vyombo, themosi tupu kifuani, na njia nzima aliomba Mungu kwa sauti ndogo. Hakukumbuka kuangalia nani amemwona na gauni gani.

Idah aliwangoja mbele ya duka la dawa, bado amevaa aproni ya sokoni. Macho yake yalikuwa mekundu. Mwelu alitarajia kugombezwa mbele ya watu, na alijua anastahili. Lakini mama yake alimimina maji baridi ndani ya themosi, akatia chupa mpya zilizofungwa vizuri, akakaza kifuniko.

"Shika kwa mikono miwili," alisema tu. "Mengine tutaongea."

Walipofika Ngoliba jua lilikuwa bado liko juu ya mipapai. Anti Beth alikuwa amemlaza Susu kitandani, akimpa maji kwa kikombe. Susu alijidunga. Mwelu aliketi chini kando ya kitanda, hakutoka hapo, na hakuna aliyemwambia atoke.

Asubuhi iliyofuata Susu aliamka mdhaifu bado, lakini aliomba uji, na alipouonja akasema umepikwa na mtu aliyegombana na chumvi. Mbaluka alicheka. Mwelu naye akajaribu kucheka, akaishia kulia.

"Wacha kulia, ulete hilo begi," Susu alisema.

Mwelu alitandika mkeka na kumwaga kila kitu. Yalikuwa magauni ya kutosha kufungua kibanda Githurai. Susu aliinua moja lenye vito vinavyong'aa.

"Hii ni ya kuchuma kunde?"

"Ni ya kanisa, Susu. Wakiniona na nguo moja kila Jumapili, watanicheka."

"Jumapili iliyopita niliketi na rafiki yangu Mukonyo, benchi moja, ibada yote. Niulize alivaa nini."

"Alivaa nini?"

"Sijui," Susu alisema. "Niliona tu amekuja, nikafurahi."

Akaliweka gauni chini, akamshika Mwelu mkono. Sasa hakuwa akitania.

"Mwelu, nguo si dhambi. Lakini ulifunga mzigo ukianza na vitu vya kukupendeza, na maisha yangu yakakosa nafasi. Siku nyingine anza na kile ambacho mtu mwingine anakitegemea. Kikishakaa vizuri, chukua cha kukutosha wewe, halafu funga. Na ukikosea, sema mapema. Jana ulisema sindano ikiwa imebaki kidogo tu kuniingia tumboni. Ulichelewa sana. Nashukuru kwamba ulisema."

"Nisamehe, Susu."

"Nimekusamehe. Sasa kamwagilie mchanga wa chungu. Hiyo ni kazi yako mpaka shule zifunguliwe."

Mwelu aliifanya kazi hiyo asubuhi na jioni, bila kukumbushwa. Kwa wiki tatu alivaa magauni mawili, moja likiwa mwilini na moja kambani, na Jumapili hakuna aliyemcheka. Lile begi lilibaki wazi kwenye kona, na siku moja kuku mwekundu wa Susu aliingia, akazungukazunguka juu ya mto mdogo wa Mwelu, akaanza kutaga. Siku ya kurudi ilipofika kuku alikuwa analalia mayai, na Susu alisema hamfukuzi mama mtarajiwa kwa sababu ya zipu.

Ngendo alikuwa akimngoja kituoni Ruiru. Alitazama nyuma ya Mwelu, akatazama kushoto na kulia.

"Haiya! Na begi? Umeibiwa?"

"Kuku amelalia ndani," Mwelu alisema.

Begani alikuwa na kiondo kidogo cha Susu chenye gauni moja na mswaki, na kilikuwa na nafasi tele. Lakini themosi ya Susu hakuitia humo. Ilikuwa tupu, ikisubiri dawa ya mwezi ujao, na alikuwa ameishika kwa mikono miwili tangu Ngoliba.