Sauti katika Nyumba ya Rainbird

Kila asubuhi Maree Triffitt alipakia barua kwenye gari lake dogo, akapanda nalo bonde la Huon. Huu ulikuwa mwaka wake wa kumi na tisa katika kazi hiyo. Alijua nani ana mbwa mkali na nani anangoja dawa ya moyo. Nyumba ya mwisho, huko juu mashamba ya matufaha yanapokoma na msitu kuanza, ilikuwa ya Colin Rainbird.

Colin alikuwa amefiwa na mkewe, Jacinta, miaka miwili nyuma. Baada ya mazishi alimtoa shuleni binti yao, Tamsin. Mtoto huyo alikuwa na kifafa, na wenzake walimcheka kila alipoanguka.

"Nitamfundisha mwenyewe," Colin aliwaambia watu dukani. Watu wakasema ni vyema.

Tangu hapo hakuna aliyemwona Tamsin. Lakini mwaka wa pili Maree alianza kumsikia. Kila alipofika kwenye sanduku la barua, saa tatu na dakika chache, sauti ya mtoto ilitoka nyuma ya mapazia yaliyofungwa. Ilisoma taratibu: "Bata alikwenda mtoni. Mto ulikuwa baridi."

"Yule mtoto anajitahidi," Maree alimwambia mumewe, Des. Hakumwambia kwamba kila siku ni bata yule yule, wala hakuthubutu kumuuliza Colin.

Mwezi wa Mei ukungu huteremka bondeni na kukaa. Asubuhi moja Colin alikuwa na kifurushi cha kutiwa saini, ikabidi Maree aingie hadi barazani. Alipogeuka nyuma hakuliona tena gari lake. Akabisha hodi. Hakuna aliyeitika. Mbali msituni, msumeno wa Colin ulikuwa ukinguruma.

Ndani, sauti ilisoma. "Bata alikwenda mtoni. Mto ulikuwa baridi." Kikohozi kidogo. Kiti kikakwaruza sakafu. "Bata akarudi nyumbani."

Maree akasimama palepale. Kikohozi kile alikisikia jana. Na juzi. Mahali pale pale, baada ya neno "baridi".

Sauti ikanyamaza. Kisha mwanamke akasema kwa upole, "Vizuri, kipenzi. Hebu anza tena."

Sauti hiyo Maree aliijua. Ilikuwa ya Jacinta, na Maree mwenyewe alikuwapo makaburini siku alipozikwa.

"Bata alikwenda mtoni," mtoto akaanza upya.

Pazia likasogea. Kwenye kioo ukatokea uso mwembamba, nywele zimeshikamana kama sufu ya kondoo. Juu ya jicho palikuwa na jeraha lililoanza kukauka. Alikuwa Tamsin. Alimtazama Maree bila kupepesa. Mdomo wake ulikuwa umefumbwa kabisa. Na nyuma yake, sauti yake iliendelea kusoma.

Maree alimpungia mkono. Mtoto hakutikisika. Kisha pazia likarudi mahali pake.

Mchana ule Des alimsikiliza huku akimenya viazi.

"Ni sauti iliyorekodiwa tu," alisema. "Mtu anamkumbuka mkewe. Mwache."

"Na mtoto je?"

"Kumsomesha mtoto nyumbani si kosa. Binti wa dada yangu kasomea nyumbani, leo ni fundi umeme."

"Binti wa dada yako tulikuwa tunamwona, Des. Kila Jumamosi alikuwa hapa anamaliza biskuti zetu."

Des akaacha kumenya. "Ukimchongea Colin, bonde zima litakuonea kinyaa."

Maree alichukua funguo, akaenda zahanati kwa muuguzi Ngaire Tipene.

Ngaire hakumkatiza. Maree alipomaliza, muuguzi alimuuliza maswali machache tu. Uliona nini? Ulisikia nini? Saa ngapi? Mtoto alikuwa peke yake?

"Labda ninakosea," Maree alisema.

"Labda. Lakini mwenzangu, hutakiwi kuleta ushahidi. Wewe sema ulichokiona na ulichokisikia, usiongeze wala usipunguze. Kuchunguza ni kazi ya wenye kazi hiyo."

"Des anasema kusomea nyumbani si kosa."

"Des kasema kweli. Wapo wanaofanya vizuri kuliko hata shule. Ila mzazi huandikisha mtoto kwenye ofisi ya masomo ya nyumbani. Mkaguzi huja, anaangalia daftari, anaongea na mtoto. Mtoto wa shule huonwa na mwalimu kila siku. Akija na jeraha, ataulizwa. Akikonda, ataulizwa. Wa nyumbani anahitaji macho hayo hayo, na mwenye kifafa zaidi. Nani kamwona Tamsin miaka hii miwili?"

Maree akafikiri. "Mimi. Leo."

"Basi piga simu. Ukiona mtoto yuko hatarini saa hiyo hiyo, unaita polisi. Kwa haya mengine, hii ndiyo namba ya ulinzi wa watoto. Jina lako halitatajwa kwa Colin. Na usiende kumkabili mwenyewe. Mtu akiogopa, humficha mtoto zaidi."

Maree alipiga akiwa pale pale.

Kesho yake alipopanda na barua, nyumba ilikuwa kimya. Hakuna bata, hakuna mto. Mapazia yalikuwa wazi, na ndani hapakuonekana mtu. Ukimya ule ulimtisha kuliko ile sauti. Siku ya pili kimya. Wiki nzima kimya. Alimuuliza Ngaire.

"Siwezi kukuambia," Ngaire alisema. "Habari za mtoto ni zake. Ila ulifanya vyema."

Maree alikaa na hofu majira yote ya baridi. Barua za Colin zilijaa sandukuni, kisha siku moja zikaondolewa. Lilianza kuja gari jeupe Jumatatu na Alhamisi. Moshi ukarudi kwenye bomba la jiko.

Mwezi wa Septemba, matufaha yakichanua, Colin alikuwa amesimama kwenye sanduku la barua akimngoja. Maree akazima injini.

"Ulikuwa wewe," alisema Colin.

Maree akashuka na barua za Colin mkononi.

"Dawa zake zilikwisha. Niliogopa kwenda kwa daktari, nikidhani watamchukua. Tangu mama yake afariki hakusema neno. Nikamwekea ile sauti ya zamani, akisoma na mama yake, nikitumaini ataifuata. Halafu nikawa naiacha tu, nikienda msituni, wapitao wasikie kuna mtoto anasoma." Alifuta uso kwa kiganja. "Siku ile alikuwa ameanguka akajigonga. Daktari alisema wiki nyingine mbili hivi, tungemzika."

"Yuko wapi sasa?"

"Kwa dada yangu alikaa wiki sita. Sasa yuko ndani na mwalimu wake wa kuongea, yule wa gari jeupe. Anameza dawa asubuhi na jioni. Nimemwandikisha. Mkaguzi akija, mimi hukaa hapa barazani, wao wanazungumza wawili ndani. Bado anasomea nyumbani. Alitaka hivyo mwenyewe. Kasema kwa mdomo wake."

Mlango ukafunguliwa. Msichana wa miaka tisa akatoka, nywele zimekatwa fupi. Alilitazama gari kwa muda mrefu.

"Unabeba barua za watu wote?" aliuliza. Sauti yake ilikuwa nzito kidogo, ngeni kabisa masikioni mwa Maree.

"Za bonde zima."

Tamsin akaitikia kwa kichwa kama mtu mzima, akarudi ndani.

"Ile sauti uliisikia muda gani?" Colin aliuliza.

"Karibu mwaka."

"Mwaka. Kwa nini ulingoja?"

"Niliogopa kukuudhi, Colin."

Colin alizipokea barua zake, akazishika bila kuziangalia.

"Laiti ungeniudhi mapema," alisema.