Nukta Nyekundu Nyuma ya Reli

Kila asubuhi, sauti ya kwanza kusikika katika nyumba yao ilikuwa ya Chiriku. Jina hilo alipewa na baba yake kwa sababu ya mdomo usiojua kupumzika. Aliongea akifagia, aliongea akiosha vyombo, na alipokosa mtu wa kuongea naye, aliongea na Soksi, mbwa wao wa kahawia mwenye miguu myeupe. Soksi alimsikiliza huku akilamba sufuria.

"Huyo ndiye pekee asiyekwambia unyamaze," mama alisema huku akitia uzi kwenye cherehani.

Mama alikuwa fundi wa kushona sare za shule. Cherehani yake ilikaa karibu na mlango ili apate mwanga. Baba alikuwa dereva wa lori, na siku nyingi alikuwa safarini. Mdogo wake Chiriku, ambaye alikuwa hajaanza shule, walimwita Bwana Mkubwa, kwa kuwa alipenda kutembea uani huku mikono ameiweka nyuma, kama mtu aliyekuja kukagua kazi.

Mtaa wao ulikuwa nyuma ya reli. Soko, hospitali na ofisi ya mifugo vilikuwa upande wa pili. Ukisimama uani uliyaona mabati ya huko yaking'aa, lakini reli ilikuwa na ukuta mrefu pande zote mbili. Ili kuvuka, ilikuwa lazima uzunguke mpaka darajani, na ukifika huko miguu inakuuma.

Siku moja mbwa asiyejulikana aliingia uani, akapigana na Soksi, akatoweka. Soksi alibaki na mkwaruzo mdogo sikioni. Mama aliuosha, ukapona, wakasahau.

Majuma kadhaa baadaye Soksi alibadilika. Alijificha chini ya meza ya kukatia vitambaa na hakutaka kutoka. Chiriku alimsogezea maji, akayatazama tu. Mate yalimtoka mfululizo. Alipoitwa jina lake, aliinua kichwa kama aliyeitwa na mtu asiyemjua.

"Mama, Soksi anaumwa," Chiriku alisema.

Kabla mama hajainuka, Bwana Mkubwa alikuwa ameinama chini ya meza kukagua. Alipiga yowe. Soksi alikuwa amemuuma kwenye shavu la mguu.

Mama alimfukuza Soksi kwa ufagio mpaka stoo ya mkaa, akafunga mlango. Jirani yao, fundi viatu, alikuja mbio.

"Paka pilipili kwenye kidonda," alishauri. "Inakata sumu."

"Pilipili ni ya jikoni, mzee," mama alijibu. Alimpeleka mtoto bombani, akaosha mguu kwa sabuni na maji yanayotiririka, akaendelea kuosha hata Bwana Mkubwa alipochoka kulia. Kisha akambeba mgongoni kwenda zahanati ndogo ya mtaani kwao. Chiriku alifuata nyuma.

Muuguzi alikitazama kidonda, akauliza habari za mbwa, uso wake ukabadilika.

"Umefanya vizuri kuosha," alimwambia mama. "Hiki huenda ni kichaa cha mbwa. Nitamchoma sindano ya kwanza sasa hivi. Lakini anahitaji nyingine kadhaa, kwa siku zilizopangwa, na hii ndiyo ya mwisho niliyo nayo. Watoto wengine wa mtaa huu wameumwa na mbwa mwezi huu, wamezimaliza."

"Hospitali kubwa?"

"Nimewapigia. Nao wameishiwa. Wanasema tusubiri."

"Tusubiri nini?" mama aliuliza. Muuguzi aliinamisha kichwa, akaanza kuandika.

Nyumbani, Soksi alikwaruza mlango wa stoo mchana kutwa. Chiriku aliketi upande wa pili, mbali kidogo kama alivyoagizwa. Alitaka kumfungulia na akajua hawezi. Alitaka kumwambia kitu, na kwa mara ya kwanza maishani mwake hakuona la kusema. Asubuhi iliyofuata mlango ulikuwa kimya.

Siku hiyo alikuja daktari wa mifugo, mwanamke mrefu aliyevaa mabuti ya mpira na glavu nene. Aliitwa na muuguzi. Aliingia stoo peke yake, akatoka baada ya muda.

"Amekufa," alisema kwa upole. "Nitachukua sampuli ikapimwe. Pole, mwanangu."

"Ungewahi ungempa dawa?" Chiriku aliuliza.

"Hapana. Mbwa akishaanza kuugua ugonjwa huu, hakuna dawa. Hata binadamu ni hivyo hivyo. Ndiyo maana tunachanja mapema."

Chiriku alimtazama mdogo wake, aliyekuwa amekaa kizingitini akinywa maji kikombeni. Tangu jana alikuwa akimpa maji kila mara, ili tu aone kama anameza, kwa kuwa Soksi alishindwa. Bwana Mkubwa alikuwa ameanza kuchoka.

"Nimeshiba maji," alisema.

"Kunywa kidogo tu."

"Nitakojoa kitandani, halafu mama atanisema mimi."

Daktari alitabasamu kidogo, kisha akatoa kishikwambi mkobani na kukiweka juu ya meza ya vitambaa. Kwenye kioo chake ilitokea ramani ya mji mzima: soko, shule, reli iliyopita katikati kama mshono.

"Nukta za kijani ni mbwa tuliowachanja mwaka jana," alieleza. "Nyekundu ni watu walioumwa na mbwa mwezi huu. Muuguzi amenipa mahali wanapokaa."

Upande wa pili wa reli kijani ilijaa kama majani. Upande wao haikuwepo hata moja. Nyekundu zote zilikuwa kwao. Moja iliangukia juu ya paa lao.

"Huyo ni Bwana Mkubwa," Chiriku alinong'ona.

Daktari alimgeukia mama. "Niseme kweli. Ofisini tumezoea kusema watu wa nyuma ya reli ni wakaidi, hawataki chanjo."

Mama aliacha alichokuwa akikikunja. "Sisi tulimleta Soksi ofisini kwenu. Pale darajani malori yalimtisha, nikamkokota mpaka mikono ikachubuka. Tulipofika, mkatuambia chanjo zimekwisha. Tukarudi. Siku ya pili sikuwa na nguvu hiyo tena, dada yangu. Ukaidi uko wapi hapo?"

Daktari aliifuata ile njia ya darajani kwa kidole, kutoka nyumba yao hadi ofisini kwake.

"Sikuwahi kuupima mzunguko huu," alisema hatimaye. "Nilitazama umbali wa moja kwa moja, kama ndege arukavyo. Sasa nahitaji kujua kila nyumba ina mbwa wangapi. Nikiwaonyesha wakubwa ramani kamili leo, nina la kudai: chanjo za mbwa na za watoto. Nikienda na maneno matupu, nitaambiwa nisubiri kama nyinyi."

Mama hakuweza kumwacha mtoto, hivyo Chiriku ndiye aliyeongozana na daktari nyumba kwa nyumba. Kazi haikuwa rahisi. Uvumi ulikuwa umeenea kwamba mbwa wote wa mtaa wangeuawa. Kila mlango jibu lilikuwa lile lile: hapa hakuna mbwa.

"Shikamoo, babu," Chiriku alimsalimu fundi viatu.

"Marahaba. Mbwa sina," alijibu kabla hajaulizwa. Nyuma ya mlango wake kitu kilibweka. Fundi viatu alikohoa kwa nguvu. Kitu kikabweka tena.

"Hicho ni kifua," alisema. "Kinanisumbua siku hizi."

Siku nyingine Chiriku angecheka mpaka akae chini. Sasa alimsogelea mzee.

"Babu, Soksi amekufa. Jana alikuwa anakwaruza mlango, nami nimekaa tu. Mdogo wangu amepata sindano moja na ya pili haipo. Daktari hakuja kuua mbwa, anataka kujua wako wapi ili awachanje. Ukimficha wako, kwenye ramani mtaa wetu utaonekana hauna mbwa. Nani ataleta chanjo mahali pasipo na mbwa?"

Fundi viatu alimtazama daktari. "Hamtawaua?"

"Nakuja na sindano, si bunduki, mzee wangu."

Alifungua mlango. Walitoka mbwa watatu, mmoja akiwa na kiatu mdomoni. Kisha mzee mwenyewe akavaa kofia yake, akatangulia kwenye nyumba iliyofuata, akigonga na kusema, "Fungueni, semeni kweli, mimi nimeshasema." Kufikia alasiri ramani ilikuwa imejaa nukta za manjano, moja kwa kila nyumba yenye mbwa, na daktari akaondoka haraka kwenda hospitali.

Halafu ikawa kungoja. Siku ya sindano ya pili ilifika, zahanati ikiwa bado haina kitu. Mama alikaa pale tangu ilipofunguliwa, mtoto mapajani. Hakuuliza tena. Chiriku alihesabu misumari ya dari, akakosea, akaanza upya.

Jioni pikipiki ya daktari ilisimama nje. Nyuma yake lilifungwa kasha la baridi.

"Zilikuwa zimelala kwenye zahanati ya mbali, upande ambao hakuna aliyeumwa," alimwambia muuguzi akilifungua. "Mganga mkuu alipoona nyekundu zote ziko huku, aliagiza ziletwe. Zinatosha kwa watoto wote."

Mama aliufunika uso wake kwa kanga, akalia bila sauti.

Majibu ya maabara yalithibitisha kwamba Soksi alikuwa na kichaa cha mbwa. Bwana Mkubwa alimaliza sindano zake zote. Hata hivyo, Chiriku aliendelea kumpa maji kwa majuma mengi, mpaka muuguzi alipomhakikishia kwamba mdogo wake yu salama. Ndipo alipolala usingizi mzuri.

Kampeni ya chanjo ya mbwa ilifanyika hapo hapo mtaani, kando ya bomba. Watu walikuja na mbwa wao wakiwa wamewafunga kamba, mikanda, hata tai kuukuu. Chiriku hakuwa na wa kumleta. Alisimama karibu na meza, akimsaidia daktari kutamka majina ya mbwa ili watulie.

Watu walipopungua, daktari alimwonyesha kishikwambi. Upande wao ulikuwa umeanza kuwa kijani.

"Soksi hayupo hapa," Chiriku alisema.

"Hayupo," daktari alikubali. "Hilo sikuweza kulirekebisha, wala wewe. Ila nisikilize. Ugonjwa ulipokuja, sisi tuliuliza nani mkaidi, nanyi mkauliza nani anakuja kuua mbwa. Hakuna aliyeuliza ugonjwa uko wapi, na kwa nini uko pale. Ramani haimponyi mtu. Inatuonyesha tu mahali tulipoacha kutazama, tena inafanya hivyo pale tu watu wanapoiambia kweli. Ninyi mlisema kweli, ndiyo maana dawa ilijua njia."

Chiriku aliitazama ile nukta nyekundu juu ya paa lao kwa muda mrefu. Kisha mwanamke mmoja akafika na mbwa aliyekuwa akitetemeka kwa hofu. Chiriku akachuchumaa mbele yake, akaanza kumwongelesha.