Ua Lililokataa Kukauka

Karatasi moja ilitoka imelowa chapachapa. Nyingine zote zilikuwa kavu, basi Yunisi akadhani ghala linavuja. Akabadilisha karatasi, akabana mbao, akaenda kumnyonyesha mwanawe Tulinagwe.

Kazi yenyewe ndiyo hiyo. Bwana Majani, Mswidi aliyepiga kambi kwenye vilima vya Ileje mwaka wa thelathini na tano, alichuma mimea. Yunisi aliibana kati ya mbao na kuibadilishia karatasi hadi ikauke. Watu walicheka: Mzungu mzima avuke bahari kuja kuanika magugu! Magugu hayo ndiyo yaliyomlisha Yunisi tangu azike mume. Tangu siku hiyo hakulia wala kucheka.

Karatasi iliyolowa ilikuwa ya ua jeupe lililotoka kwenye msitu wa makaburi ya machifu, ambako hata kuni haziokotwi. Lilibaki bichi. Ghala likanuka udongo wa kaburi jipya, na Yunisi alipoinamia mbao akasikia kitu ndani kikinyonya, polepole, kama mtoto anavyonyonya.

Vidole vyake vikafa ganzi. Hakujali. Lakini asubuhi moja uji wa moto ulimmwagikia Tulinagwe miguuni, na mtoto yule, ambaye hata nzi akitua juu yake alilia, akaitazama tu miguu yake ikivimba, akamtazama mama yake, akanyamaza, na hapo ndipo Yunisi alipoogopa, akambeba mbio hadi kwa mganga Mbonile.

"Mzimu umeng'olewa kwao," Mbonile alinong'ona baada ya kusimuliwa habari za ua. "Unakunyonya wewe unayeushika, na mtoto anayekunyonya. Lirudishwe ua lote, mwanangu. Lote."

Bwana Majani aliiona miguu ya mtoto, akafungua mbao bila kubisha.

"Chukua, Mama Tulinagwe. Lakini ni nusu tu."

"Nusu nyingine iko wapi, Bwana?"

"Halikukauka, kwa hiyo nusu niliitia kwenye chupa ya spiriti. Imo melini, inakwenda kwetu."

Yunisi na Mbonile wakaizika nusu iliyokuwepo kule kwenye msitu wa makaburi. Mbonile alimfinya mtoto mguu wa kulia, naye akapiga yowe. Yunisi akaangua kilio kwa furaha, cha kwanza tangu msiba. Vidole vyake vikapata joto.

Kisha Mbonile akafinya mguu wa kushoto. Mtoto akatulia kimya.

"Labda utapona," Yunisi alisema kwa sauti ndogo.

Bwana Majani alipofunga kambi, alimwachia Yunisi bunda la karatasi. Mvua za masika zilipoanza, mguu wa kushoto wa Tulinagwe ukageuka mweupe, ukakunjamana kama uliolowekwa, ukanuka spiriti. Yunisi aliufuta. Ukalowa tena.

Sasa kila asubuhi huuviringishia karatasi kavu. Jioni huitoa imelowa chapachapa, akaweka nyingine.