Nani Kahamisha Mlango wa Gereji ya Mama?

Najua mtasema natunga. Lakini hili la Jumamosi, jamani, mimi mwenyewe niliyekuwepo bado siliamini!

Nimesimama uani kwetu, simu juu, narekodi, nacheka peke yangu...

Mlango haupo!!

Ukuta mtupu! Bati la kijivu chini mpaka juu, palepale nilipochora mlango kwa mkono wangu!

Ngoja niwape mkasa mnielewe hasira yangu.

Mwaka huu mama aliteleza. Mvua inanyesha, anashuka kwenye gari, hatua nne tu afike ndani... puu! Nyonga. Tangu hapo yuko kwenye kiti cha magurudumu. Mbaya zaidi, akagoma kutoka. Mazoezi ya mguu hospitali, hataki.

"Nilowe tena, nianguke tena? Niacheni na kuta zangu."

Daktari akasema asipofanya mazoezi, kutembea asahau.

Mimi nafanya kazi mji mwingine. Nikasema mama yangu haozi ndani nikiwa hai! Nikaagiza gereji ya vipande, ile inayotoka kiwandani imeshakatwa, fundi anafunga bolti tu. Ikae ubavuni mwa nyumba, na mlango mdogo uangalie mlango wa jikoni. Mama atoke jikoni, aingie gereji, apande gari. Tone la mvua lisimguse!

Nilichora kwenye simu. Mlango upana sentimita tisini, kiti kipite kwa raha. Kipande namba nne.

Sasa nafika nyumbani, sijaingia hata ndani kumsalimia mtu, namba nne ni bati tupu! Mlango uko namba saba, kule mwisho!

"Fundi! Hii nini?"

Fundi yuko juu ya ngazi, misumari mdomoni. Akaitoa taratibu.

"Karibu, dada. Kaka yako kasema tuuhamishe."

"Kaka yangu nani?!"

"Una wangapi?"

Ninaye mmoja. Tunamwita Spana, maana toka utotoni anafungua vitu asivyoweza kuvifunga. Anaishi palepale na mama.

Nikachungulia ndani ya gereji. Weee! Rafu imeshapigwa ukutani, visanduku vya zana vimepangwa mstari, na jeki kubwa kwenye kona!

Damu ikanipanda. Kumbe! Mama hawezi kutembea, yeye anajifungulia karakana! Kauhamisha mlango ili wateja wake wapite nyuma!

Nikampigia. Hapokei. Nikapiga tena. Hapokei!

Nikapiga picha. Nikarusha kwenye grupu la familia: "Mwoneni mtoto wa kiume. Kamgeuza mama ngazi. Aibu!"

Mashangazi wakaanza kuandika. Uwii!

Lakini moto wangu haukuzimika. Fundi kashuka, kaenda mbele kuchukua mbao. Nikaingia gereji, nikaiona spana chini.

Nikaiokota.

Nikasema leo mlango unarudi namba nne, hata kama ni kwa meno yangu!

Bolti ya kwanza, ikatoka. Ya pili, ikatoka. Ya tatu...

"Dada! DADA! Acha hiyo!" Fundi anakuja mbio. "Paa halijafungwa upande huo! Hicho kipande ndicho kimelibeba!"

"Nyamaza! Wewe na yeye lenu moja!"

Ya nne.

Kwanza lililia... kriiii. Kisha namba saba ikatoka mzimamzima na mlango wake, fundi akanivuta kwa kola, na boriti ya paa ikakiangukia kile kipande. GWAAA!!

Vumbi.

Mlango umepinda kama kipande cha mkate kilichokauka.

Na pale, kwenye lile tundu nililolifungua... nikamwona mama.

Yuko kwenye mlango wa pembeni wa sebule. Kiti chake kimetazama tundu sawasawa, kama kilipimwa kwa kamba. Kavaa gauni lake la kutokea. Pochi mapajani. Viatu amevaa!

Mama yangu, aliyegoma kutoka, alikuwa amejiandaa kutoka.

"Mama... wewe ulikuwa unapita huku?"

"Nipite wapi?"

"Si jikoni!"

"Mwanangu, kiti hiki kinapita jikoni? Mlango wa jikoni mwembamba, mimi na kiti tunakwama kiunoni. Umewahi kunisukuma pale?"

Sikuwahi. Nilipima gereji nzima. Mlango wa jikoni sikuupima!

Gari likaingia. Spana. Limeoshwa linang'aa, kiti cha mbele kimetandikwa shuka safi. Alitaka mama ajaribu kupanda leo, Jumatatu waende mazoezi. Akashuka, akaona. Hakupiga kelele. Heri angepiga.

"Na hizo zana?" nikafoka. Bado nilikuwa natafuta pa kushika!

"Za fundi," akasema. "Jeki ni yangu. Ya kumpandishia mama kwenye gari. Nilikuwa naifanyia majaribio na magunia."

"Mbona hamkuniambia?!"

"Fungua simu yako. Wiki mbili nyuma."

Nikafungua. Ujumbe wa sauti kutoka kwake. Dakika nne na sekunde kumi. Sijausikiliza hata sekunde moja.

Chini yake, jibu langu: dole gumba.

👍

Nikabonyeza, wote tunasikia. Spana anaeleza mlango wa jikoni, vipimo, kwa nini namba saba. Na nyuma yake sauti ya mama: "Muulize kwanza mwenyewe. Wazo ni lake, asije akajisikia vibaya. Akikubali ndiyo mhamishe."

Nilikubali. Kwa dole!

Wanasema majuto ni mjukuu. Yangu hayakusubiri ukoo, yalizaliwa palepale!

Kiwanda kinasema mlango mwingine wiki tatu. Mvua imeanza. Mama kavua viatu, karudi chumbani. Aliniambia moja tu:

"Wewe unanipenda kwa kasi sana, mwanangu. Punguza."

Kwenye grupu nimeomba radhi. Shangazi mkubwa kanijibu kwa dole. Nimestahili.

Funzo mnalo: unayemjengea, muulize anapitia wapi. Na usikubali usichokisikia.

Ila hasira bado ninayo, siwafichi! Kwangu mwenyewe, na kwa Spana pia. Dakika nne! Kupiga simu kulimshinda nini?

Leo asubuhi, nimesharudi kazini, Spana, ambaye hajanisemesha tangu Jumamosi, kanitumia ujumbe mwingine wa sauti.

Dakika sita.

Nimeshika simu mpaka sasa, sijaubonyeza. Ungekuwa wewe... ungeubonyeza, au ungepanda basi ukamsikilize uso kwa uso?